Jina la mwingine juu ya kazi ya mikono yetu

Tunapompeleka kijana kujifunza ufundi huwa tunamuusia mambo mengi. Asichelewe kazini, asimdharau aliyemfundisha, asile fedha ya mteja kabla ya kuikamilisha kazi. Ni nadra sana kumuusia kuhusu jina. Tunadhani jina la bidhaa ni jambo la wanasheria na la matajiri wenye viwanda, wala halimhusu kijana mwenye tupa, nyundo na mashine moja kuukuu chini ya banda la mabati. Mwaka huu jambo hilo liliingia katika kikao cha kamati yetu ya msikiti hapa Muheza, likakaa nasi kwa wiki tatu. Liligusa fedha za waumini, ada ya shule ya binti mmoja, na heshima ya familia tunayoifahamu tangu utotoni. Kwa kuwa nyumba nyingi zina kijana wa namna hiyo, tumeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji wa ukurasa huu.

Kamati yetu ina mfuko mdogo wa karadha, yaani mkopo usio na ziada, unaotokana na michango ya waumini wenyewe. Sisi ndio tunaoshika daftari lake pamoja na kumbukumbu za vikao. Miongoni mwa waliokopeshwa yumo kijana aliyehitimu ufundi wa mitambo. Alikuwa tayari na mashine ya kukereza aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaomba kuongezewa mashine ya kuchonga vyuma iliyokuwa ikiuzwa na karakana moja ya Tanga mjini. Tulimkopesha, tukaandikiana, na kila mwisho wa mwezi akawa anakuja na bahasha yake bila kukumbushwa.

Kazi iliyompatia wateja ni ndogo mtu akiitazama juu juu, lakini kwa wenye shughuli hiyo ni kubwa. Wilaya yetu imepakana na misitu, na shamba la misaji la Longuza limo humu humu. Kuna watu wengi wanaoishi kwa msumeno wa mnyororo: wapasua mbao, wakata minazi iliyozeeka, wasafisha mashamba. Mbele ya injini ya msumeno huo ipo ekzosi, kikopo cha bati ambamo moshi wa moto hupita kabla ya kutoka nje. Uso wa kikopo hicho hufunikwa kwa kifuniko kilichofungwa kwa skrubu. Kazi ya kifuniko si mapambo. Huelekeza moshi mbali na mshikaji na mbali na sehemu za plastiki, hupunguza kelele, na katika misumeno mingi hushikilia wavu mwembamba wa kuzuia cheche zisirukie majani makavu.

Bati hilo hupata moto, hupoa, hutikisika kutwa nzima, na mwisho hupasuka au skrubu zake huchomoka. Kifuniko kipya huagizwa Dar es Salaam, na wakati mwingine jibu ni kwamba aina ile haipatikani tena. Kijana wetu aliona nafasi hapo. Alianza kukusanya pistoni chakavu kutoka gereji, akaziyeyusha kwa mkaa na feni, akamimina alumini katika kalibu za mchanga ili apate mabonge. Kisha aliyachonga mabonge hayo kwa mashine mpaka yakawa vifuniko vinene kuliko vile vya bati, vyenye kingo safi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, kwa hiyo ilimlazimu kujifunza unene unaofaa na mahali pa kuacha matundu. Alijifunza pia kwamba tundu la kutolea moshi halipanuliwi kwa kubahatisha, kwa kuwa injini ya namna hii hupangiwa mchanganyiko wake wa hewa na mafuta kulingana na namna inavyopumua. Anayelipanua tundu bila kurekebisha kabureta anaweza kuiunguza pistoni. Kwa hiyo alipima tundu la asili na kulifuata.

Baada ya vifuniko vyake kusifiwa kwa miezi kadhaa, alifika mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine. Alitaka vifuniko 80. Kwa kifuniko kitupu angelipa shilingi 25,000. Lakini endapo kila kimoja kingechorwa kwa mashine jina la kampuni mashuhuri ya misumeno, kwa herufi zile zile na mwinamo ule ule unaofahamika, angelipa 40,000. Alikwisha kuacha 800,000 kama malipo ya awali. Tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa shilingi 1,200,000, na deni la kijana katika mfuko wetu lilikuwa limebaki 1,350,000. Zaidi ya hayo, mdogo wake wa kike alikuwa akisubiri ada ili arudi shule.

Aliyelileta suala hilo kwetu si kijana mwenyewe, bali ni mama yake. Alikuja baada ya sala ya Alasiri, akasimama karibu na mlango wa ofisi, akakataa kiti.

"Wanangu," akasema, "nyinyi ndio mliomkopesha. Akiwaletea fedha ya kazi hii, mtaipokea?"

Tulimwomba atupe muda, naye akatupa. Tangu hapo jambo lilihamia mikononi mwetu, maana mtu hawezi kumhukumu kijana kwa chanzo cha fedha huku amekwisha kuiandalia stakabadhi.

Katika kikao, waliomtetea kijana hawakuwa watu wa kupuuzwa, na hoja zao tunaziweka hapa kama zilivyotolewa. Ya kwanza ilikuwa kwamba kampuni hiyo ipo Ulaya na ina mali nyingi. Vifuniko 80 vya Muheza havitampunguzia mtu tonge. Ya pili, kifuniko cha kijana ni bora kuliko cha bati, kwa hiyo mnunuzi hadhuriki, bali anafaidika. Ya tatu ndiyo iliyotupa taabu zaidi: wanunuzi wetu wenyewe ndio wasiokubali kazi ya mikono yetu. Kifuniko kile kile kikiwa kitupu huambiwa ni cha mtaani, kikiwa na jina la kigeni huitwa orijino. Je, kijana alaumiwe kwa kuwapa watu kile wanachokililia?

Tulikuwa tumemwalika mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupasua mbao kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisikiliza yote, kisha akakichukua kifuniko kilichokuwa mezani akakigeuza geuza.

"Mjukuu wangu," akamwambia kijana, "nikikinunua hiki nikakipenda, nitamshukuru nani? Mzungu. Kikipasuka mkononi mwangu, nitamlaani nani? Mzungu huyo huyo. Sasa wewe hapo uko wapi?"

"Mimi nitakuwa nimeshalipwa, babu," kijana akajibu.

"Umelipwa kifuniko. Kazi yako nani atakulipa?"

Maneno hayo yalibadili namna tulivyokuwa tukilitazama jambo. Mpaka hapo tulikuwa tukipima haki ya kampuni dhidi ya shida ya kijana, na katika mizani hiyo shida ya jirani huwa nzito daima. Mzee alituonesha kwamba kijana naye ananyang'anywa kitu. Kila kifuniko kizuri alichokichora jina la mwingine kingeongeza sifa kwa watu ambao hawakukigusa, na baada ya vifuniko 80 yeye angebaki pale pale alipoanza, mtu asiyejulikana. Waswahili walikwisha kusema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo.

Tukaona tujifunze majina haya makubwa yalitoka wapi. Jina Stihl, ambalo kila mpasua mbao wa kwetu analitamka, ni jina la ukoo wa mtu. Andreas Stihl alizaliwa mwaka 1896, na mwaka 1926 alifungua karakana yake huko Stuttgart, Ujerumani, akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Msumeno wake wa kwanza ulitumia umeme na ulihitaji watu wawili kuushika. Mwaka 1929 alitoa wa petroli, nao ulikuwa na uzito wa kilo 46. Msumeno wa petroli ambao mtu mmoja angeweza kuutumia peke yake ulikuja mwaka 1950, na hata huo ulikuwa wa kilo 16. Kwa hiyo kutoka karakana ya kwanza hadi chombo ambacho mtu mmoja angeweza kwenda nacho msituni ilipita miaka 24. Thamani ya jina hilo haitokani na herufi zake, ambazo ni tano na konsonanti mbili kwisha mwanzo tu. Inatokana na miaka hiyo na iliyofuata.

Wenzao wa Husqvarna wa Sweden wana historia ndefu zaidi. Walianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, wakapita katika cherehani, baiskeli na pikipiki, na misumeno ya mnyororo wakaianza mwaka 1959 tu. Hadi leo alama yao inakumbusha mtutu wa bunduki ukitazamwa kwa mbele. Ni alama iliyobeba kumbukumbu ya kazi ya kwanza ya watu wale. Mtu wa Muheza akiichora juu ya alumini yake anadai kumbukumbu isiyokuwa yake.

Upande wa sheria nao tuliutazama, kwa kuwa hatukutaka kumshauri kijana kwa hisia tu. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na anayesajili alama hizo ni BRELA. Alama ikisajiliwa hupata ulinzi wa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10 kumi. Husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na mashine na injini zimo katika daraja la 7. Zanzibar ina usajili wake yenyewe, kwa hiyo anayetaka kulindwa pande zote mbili hana budi kusajili pande zote mbili. Nchi yetu pia ni mwanachama wa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao huzitaka nchi wanachama zilinde hata alama za kigeni zinazojulikana sana. Zaidi ya hayo ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, yaani FCC. Hiyo ndiyo inayoingia madukani na maghalani kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Hatari haikuwa kwa mfanyabiashara peke yake. Aliyechora jina naye ana sehemu yake, na mashine yake ingeweza kuwa kielelezo cha kesi. Mashine yenyewe ilinunuliwa kwa michango ya waumini.

Hata hivyo hatukutaka kijana atoke pale akidhani kwamba kutengeneza kifuniko ni wizi. Hapa wazee wengi huchanganya mambo, na mafundi wengi huogopa pasipo sababu. Kutengeneza kipuri kinachofaa mashine ya mwingine ni jambo moja. Kukipa kipuri hicho jina la mwenye mashine ni jambo lingine. Fundi cherehani anayeshona kifuniko cha kiti cha gari hajamwibia mwenye gari wala kiwanda. Akikishonea nembo ya kiwanda, hapo ameanza kusema jambo lisilo kweli.

Swali la mpaka huo halikuanzia kwetu. Huko Ulaya limefika katika mahakama za juu zaidi ya mara moja, na mafunzo yake yanamfaa fundi wa popote. Sheria yao inamruhusu mtengenezaji wa vipuri kutaja jina la kampuni nyingine pale inapohitajika kumweleza mnunuzi kipuri kinafaa chombo gani, ilimradi afanye hivyo kwa uaminifu. Mwaka 2005 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilitazama shauri lililotoka Finland, ambako muuzaji wa nyembe alibandika kwenye pakiti maelezo kwamba nyembe zake zinaingia katika vishikio vya Gillette. Mahakama ilieleza kwamba kutaja jina kwa namna hiyo kunaweza kukubalika, kama ndiyo njia ya kumpa mnunuzi taarifa kamili ya matumizi, na kama hakumfanyi adhani kwamba wawili hao wana uhusiano wa kibiashara.

Shauri la pili linakaribiana sana na kifuniko chetu. Muuzaji mmoja wa Poland alikuwa akiuza grili za mbele za magari ya zamani ya Audi, ya miaka ya 1980 na 1990. Hazikutoka kiwandani kwao, na kila grili ilikuwa na sehemu ya kupachikia nembo iliyochongwa kwa umbo linalofanana na nembo yenyewe, yaani zile duara nne. Hakuuza nembo, aliuza mahali pa kuiweka. Tarehe 25 Januari 2024 mahakama ile ile iliamua kwamba mwenye alama anaweza kuyazuia hata hayo, pale umbo la sehemu hiyo linapolingana au kufanana na alama yake. Tuliposoma hilo tulielewa kwamba mpaka ni mwembamba kuliko tulivyodhani. Umbo la kifuniko linaloamriwa na kazi yake, matundu ya skrubu na njia ya moshi, si la mtu mmoja. Lakini umbo linalomwambia mnunuzi nani amekitengeneza lina mwenyewe.

Hukumu za Ulaya si sheria ya Tanzania, na hatukuzitumia hivyo. Tulizitumia kumwonesha kijana sentensi mbili ambazo zinaweza kuandikwa juu ya kifuniko kimoja. Ya kwanza husema: kifuniko hiki kinafaa msumeno wa aina fulani. Hiyo ni habari ya kweli, inamsaidia mnunuzi. Ya pili husema: kifuniko hiki kimetoka kwa fulani. Hiyo, kwa kijana wetu, ingekuwa uongo, hata kama alumini ingekuwa safi kama fedha.

Kwa upande wa dini hatukuwa na haja ya kurefusha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, lilikwisha kutamka kwamba jina la biashara, anwani yake na alama yake ni haki zinazotambuliwa na sharia, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Na mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu muuzaji aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu, kila mwanafunzi wa madrasa anayajua. Hoja kwamba kifuniko ni bora kuliko cha asili haikutosha kuliondoa hilo. Mnunuzi ana haki ya kujua anamwamini nani, na akija na malalamiko ana haki ya kujua abishe hodi mlango gani.

Tulimwita mama na kijana, tukawajibu swali kama lilivyoulizwa: fedha ya vifuniko vilivyochorwa jina la mwingine hatutaipokea. Lakini tuliona ni dhuluma kumfungia mtu mlango na kumwachia deni lile lile na tarehe ile ile. Hivyo kamati iliongeza miezi minane katika muda wa kulipa, ikamwachia miezi miwili ya mwanzo bila kulipa kitu. Baadhi ya wajumbe walilalamika kwamba kuna wengine waliopanga foleni wakisubiri mfuko ujae. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na wawili kati ya waliosubiri bado wanasubiri hadi leo. Uaminifu wa mtu mmoja mara nyingi hulipiwa na wengine pia, na hilo tulikubaliana liandikwe katika kumbukumbu bila kufichwa.

Kijana alimpigia simu mfanyabiashara akajitolea kumtengenezea vifuniko 80 vitupu kwa bei ya 25,000. Yule alikataa, akadai fedha yake. Kati ya zile 800,000, kiasi cha 200,000 kilikwisha kutumika kununulia pistoni chakavu na mkaa, ikabidi wajomba wachange ili zirudi kamili. Ada ya binti ililipwa kwa awamu mbili, na alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake. Hatuyasemi haya kwa kujisifu. Tunayasema kwa sababu wahubiri wa uaminifu huwa tunapenda kusimulia baraka zilizofuata, tukaziacha hizo wiki mbili za binti aliyekaa nyumbani.

Tena mfanyabiashara hakukosa mtu. Haikupita muda, mpasua mbao mmoja alimletea kijana kifuniko cha alumini kilichopasuka, akiomba kichomelewe. Kilikuwa chembamba, kimemiminwa vibaya, kimejaa vitundu vya hewa kama mkate. Ufa ulikuwa umekatiza kutoka skrubu moja hadi nyingine. Jina lililochorwa mbele lilikuwa limenyooka na kupendeza, halina hata mkwaruzo. Mwenyewe alisema alikinunua kwa shilingi 55,000 kwa sababu aliambiwa ni orijino, na alikuwa akiilaani kampuni ya Ujerumani kwa kushusha ubora. Kijana alimweleza ukweli wa alichokinunua, akakichomelea, akapokea 5,000.

Tuseme na upande wa pili wa haki hii. Kampuni kubwa si wanyonge, na hatuandiki haya kuwatetea. Vipuri vyao ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa gogo, na vingine vimekwisha kuacha kutengenezwa wakati mashine zenyewe bado zinanguruma msituni. Fundi wa Muheza anayeziba pengo hilo anafanya kazi ya heshima. Sheria ya alama isigeuzwe fimbo ya kumfukuza, na asikubali kuambiwa kwamba kila kilichochongwa hapa ni feki. Feki ni kile kinachosema uongo kuhusu kilikotoka. Kifuniko kitupu kilichochongwa vizuri na kuuzwa kwa jina la aliyekichonga ni orijino pia, ila ni orijino ya hapa.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Ile hoja ya tatu ya kikao haijajibiwa na yeyote mpaka leo isipokuwa kwa vitendo. Tukiendelea kumlipa fundi 25,000 kwa kazi ile ile tunayoilipia 40,000 ikiwa imevaa jina la kigeni, tunamfundisha kijana wetu kudanganya na kumlipa mshahara wa kudanganya. Baba au mama mwenye kijana karakana anaweza kuanza na mambo machache. Amuulize mtoto wake juu ya kila kitu anachokitengeneza: nani atalaumiwa kikiharibika? Amzoeze kuandika kinafaa chombo gani, kwa herufi za kawaida, pasipo kuiga nembo ya mtu. Akipewa kazi yenye bei isiyoelezeka, atafute kwanza ile ziada inalipia nini. Na pindi kazi yake inapoanza kutafutwa, amsaidie kupata alama yake mwenyewe na kuisajili mapema, kwa kuwa siku moja atakuwepo mwingine wa kuiiga.

Kijana wetu amechagua jani la msaji na herufi mbili za kwanza za jina la marehemu baba yake. Ombi lake limepelekwa BRELA. Mbele ya kila kifuniko hupiga mhuri wa jani hilo, na kwa nyuma huandika aina ya msumeno kinaoufaa pamoja na namba ya mfululizo. Katika miezi mitano ameuza 31, na deni lake kwetu sasa ni shilingi 900,000. Viwili vilirudi kwa kuwa matundu ya skrubu yalikosewa kidogo. Aliviangalia namba, akafungua daftari, akaona ni vya siku moja, akawatafuta wanunuzi wengine watatu wa siku ile kabla hawajalalamika, akawabadilishia bila malipo. Mmoja wao ni yule mzee wa mbao. Ametuambia kwamba amekwisha kuagiza kingine kwa ajili ya msumeno wa mwanawe, na kwamba aliulizia jani.